Mwanga, Ngozi na Lugha ya Rangi

Tangu zamani tabibu wa ngozi alitumia jicho na kidole. Penye shaka alikata kipande cha ngozi ili kichunguzwe kwa hadubini. Njia hiyo ina uhakika mkubwa, lakini huacha kidonda na kovu. Katika karne ya 20 zilibuniwa mbinu za kutumia mwanga ili kuyaona yaliyomo ndani ya ngozi bila kuijeruhi. Makala haya yanaeleza mbinu tatu kati ya hizo, kisha yanaonyesha jinsi zinavyowahusu wanaoandika na kutafsiri kwa Kiswahili.

Mwanga uangukapo juu ya ngozi hupatwa na mambo matatu: sehemu yake huakisiwa, sehemu hutawanywa na sehemu hufyonzwa. Vinavyofyonza zaidi mwanga uonekanao ni melanini, ambayo huipa ngozi weusi wake, na hemoglobini, ambayo huipa damu wekundu wake. Melanini hufyonza mawimbi mafupi kuliko marefu. Kwa hiyo mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, hupenya ndani zaidi.

Mbinu ya kwanza ni dermoskopi, ambayo Johann Saphier wa Munich, Ujerumani, aliieleza kunako mwaka 1920. Chombo chake ni kioo cha kukuzia chenye taa, ambacho kwa kawaida hukuza mara 10. Mafuta au jeli hupakwa ili kuondoa mng'ao wa juu, na hapo mpangilio wa rangi ulio chini huonekana. Katika unyayo, kwa mfano, rangi ya baka lisilo na madhara aghalabu hufuata vijifereji vya ngozi, ilhali ile ya saratani ya melanoma hufuata matuta yake. Jambo hili lina uzito kwa watu weusi, kwani kwao melanoma hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha.

Mbinu ya pili ni hadubini ya konfokali, ambayo Marvin Minsky wa Marekani aliiombea hataza mwaka 1957. Mwanga huelekezwa kwenye nukta moja, na kitundu chembamba huzuia mwanga urudio kutoka kina kingine. Nukta zikiunganishwa, hupatikana taswira ya tabaka moja, seli kwa seli, hadi kina cha takriban milimita 0.2. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika taswira hizo melanini ndiyo ing'aayo sana. Kile ambacho jicho hukiita cheusi, chombo hukichora cheupe.

Mbinu ya tatu ni tomografia ya mwanga, iliyotangazwa mwaka 1991 na kujaribiwa kwanza katika jicho. Hufanya kazi mfano wa mwangwi: mwanga urudio kutoka ngozini hulinganishwa na ule urudio kutoka kwenye kioo, na hivyo kina cha kila tabaka hujulikana. Hufika milimita 1 hadi 2, ingawa haionyeshi seli kwa uwazi wa konfokali. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya mbinu hizi iliyoondoa kabisa haja ya kukata.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kuitazama ngozi nyeupe, na dalili ya uvimbe wa ngozi huelezwa humo kuwa ni wekundu. Katika ngozi nyeusi dalili hiyo hiyo huweza kuonekana ya zambarau, ya kijivu au nyeusi zaidi. Mfasiri aandikaye tu kwamba "ngozi huwa nyekundu" ametafsiri neno, lakini amemfundisha mhudumu wa afya kungojea dalili ambayo huenda isitokee. Na mgonjwa ndiye alipaye gharama ya kuchelewa huko.

Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Lakini kina vitenzi tele. Mwandishi aweza kusema kwamba mishipa ya damu imetanuka, mahali pamevimba na pana joto, na rangi imebadilika kuliko ile ya ngozi iliyo jirani. Maelezo kama hayo ni ya kweli kwa kila ngozi, kwa kuwa hutaja linalotendeka, wala hayategemei rangi iliyozoeleka katika jicho la mtazamaji mmoja.