PLATAEA: MJI ULIOHESABU MATOFALI YA ADUI

Watajwapo Wagiriki wa kale, Athens husifiwa kwa elimu na Sparta kwa ukali wa majeshi yake. Leo tuutazame Plataea, mji mdogo uliopakana na Thebes, nao kwa bahati mbaya ulikuwa rafiki wa Athens.

Mwaka 429 K.K. majeshi ya Sparta na washirika wake yaliuzingira. Watoto, wazee na wanawake wengi walikuwa wamekwisha kupelekwa Athens. Walibaki wanaume 400 wa mji, Waathene 80, na wanawake 110 wa kuwaokea mikate. Adui alishindwa kuingia kwa nguvu, akaamua kuwashinda kwa njaa: akauzungushia mji kuta mbili, akaweka walinzi.

Majira ya baridi ya pili chakula kikawa haba. Ili kutoroka zilihitajika ngazi. Lakini ukuta wa adui ungepimwaje? Walitazama kwa mbali sehemu isiyopakwa lipu, wakahesabu safu za matofali. Walihesabu watu wengi, tena mara nyingi, maana mmoja aweza kukosea. Unene wa tofali waliukadiria, wakapata kimo.

Walisubiri usiku wa mvua na upepo usio na mwezi, walinzi wakiwa wamejisitiri minarani. Kila mmoja alivaa kiatu mguu wa kushoto tu, asiteleze matopeni, nao walitembea mbalimbali silaha zisigongane. Juu ya ukuta kigae kimoja kilianguka, adui akashtuka, akawasha mioto ya kuita msaada Thebes. Waliobaki mjini nao wakawasha mioto yao, ishara zikavurugika. Watorokaji walishika kwanza njia ya Thebes, ambako hakuna ambaye angewatafuta, ndipo wakageukia milimani. Watu 212 walifika Athens.

Waliobaki walisalimu amri mwaka 427 K.K. Mahakimu watano wa Sparta waliuliza neno moja tu: katika vita hivi mmewatendea Wasparta na washirika wao wema gani? Swali la namna hiyo halitafuti haki. Watu wa Plataea walikumbusha kwamba mwaka 479 K.K. walipigana bega kwa bega na Wasparta dhidi ya Waajemi, na kwamba makaburi ya Wasparta waliofia hapo waliyatunza wao kila mwaka. Swali likarudiwa, mtu mmoja mmoja. Waliuawa wenyeji wasiopungua 200 na Waathene 25. Wanawake wakafanywa watumwa.

Baadaye mji ulibomolewa, na mbao na milango yake ikajengea nyumba ya wageni kando ya hekalu la Hera.