Nani Aliyemtaja Mtoto?

Katika filamu ya The Exorcist, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1973, inatajwa kwa kupita tu kwamba Padre Merrin aliwahi kumpunga pepo mahali fulani barani Afrika. Kauli hiyo moja imezaa filamu tatu. Ya kwanza, Exorcist II: The Heretic ya John Boorman, ilitoka mwaka 1977, ikatupeleka Ethiopia iliyojengwa studioni Marekani. Watazamaji waliokwenda kutishwa wakaangua kicheko, hata Boorman akalazimika kuikata na kuiunga upya ilhali imekwisha kuanza kuonyeshwa. Mbili zilizofuata ndizo zinazotuhusu zaidi, kwa maana kisa chake kimewekwa Kenya.

Kwa hakika ni kisa kimoja kilichopigwa mara mbili. John Frankenheimer, aliyekusudiwa kukiongoza, alijitoa na akafariki mwaka 2002. Kazi akapewa Paul Schrader, naye alipoikamilisha, wenye mali, kampuni ya Morgan Creek, wakaona kwamba haitishi. Wakamwita Renny Harlin, ambaye alianza karibu upya, akibaki na mwigizaji mkuu yule yule, Stellan Skarsgård. Filamu ya Harlin, Exorcist: The Beginning, ikatolewa Agosti 2004. Ya Schrader ikaokolewa kabatini mwaka 2005 kwa jina la Dominion, ikaonyeshwa katika kumbi chache. Katika zote mbili padre aliyepoteza imani anafukua kanisa la Kibizanti lililozikwa ardhini Turkana, miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili, mahali ambapo Ukristo haukupaswa kuwa umefika katika zama hizo. Chini ya kanisa mna hekalu la kale zaidi, na humo ndimo alimo pepo. Mchanga tunaouona ni wa Moroko, na kuta ni za studio za Cinecittà mjini Rumi.

Wahakiki hawakumhurumia Harlin. Walimwambia kwamba amekusanya nzi, damu na kelele akadhani amekusanya hofu, na fisi wake waliotengenezwa kwa kompyuta wakawa kichekesho. Alipendekezwa hata kwa zawadi ya dhihaka ya mwongozaji mbovu wa mwaka. William Peter Blatty, mwandishi wa riwaya iliyoanzisha yote haya, aliona haya kuitazama, lakini akaisifu ile ya Schrader. Watu wa kawaida, kwa upande wao, walikwenda kwa wingi: filamu ya Harlin ilishika nafasi ya kwanza Marekani wiki ya kwanza, ikaingiza takriban dola milioni 78 duniani. Ya Schrader haikufikia hata dola 300,000 katika kumbi za huko, ingawa Roger Ebert aliipa nyota tatu kati ya nne.

Sina ugomvi na hukumu hiyo kwa upande wa ufundi. Fisi wale ni wabaya kweli kweli. Ninalolalamikia ni kipimo chenyewe. Wahakiki na watazamaji, wote walipima kwa ratili moja: inatisha, au haitishi? Filamu imewekwa katika nchi ya watu wenye maneno yao juu ya mambo hayo, na hakuna aliyeuliza maneno hayo yanasemaje.

Na tuyaulize. Kiturkana kina ekipe, yaani pepo. Kina emuron, mwaguzi anayeona yaliyofichika. Na kina ekapilan, mchawi. Ni watu watatu mbalimbali, na mwenye kuwachanganya huwa hajajua analosema. Kiswahili kina pepo, mganga na mchawi. Kidigo, lugha ya jirani zangu hapa Msambweni, kinamtenga muganga na mutsai kama usiku unavyotengwa na mchana. Filamu zote mbili zinatumia neno moja, uovu, kwa kila kitu kilicho chini ya ardhi ya Turkana na kwa kila kitu kinachotoka humo.

Hata pepo wenyewe hawakutendewa haki. Neno letu pepo ni la shina moja na upepo na kupepea. Sasa, Pazuzu, ambaye sanamu yake inatafutwa katika filamu ya Harlin, alikuwa kwa watu wa Mesopotamia ya kale mfalme wa pepo wa upepo. Nao hawakumwogopa tu. Walimchonga katika hirizi zilizowekwa karibu na wajawazito, ili amfukuze Lamashtu, mla watoto wachanga. Mpwani yeyote atamfahamu mara moja kiumbe wa namna hiyo, mkali na mwenye madhara, lakini wa kusemezana naye. Katika ngoma ya pepo mganga humwita mgeni apande kichwani mwa kiti chake, humwuliza jina na kabila, na kama ni wa Kiarabu, wa Kihabeshi au wa Kimasai atajibu kwa lugha yake, kisha ataje anachotaka. Kanuni ya Kanisa la Rumi ya mwaka 1614 nayo humwagiza padre amwulize pepo jina lake; tofauti ni kwamba padre huuliza ili amfukuze, na mganga mara nyingi huuliza ili wapatane. Mwandishi wa filamu aliyekuwa na masikio angeweza kupata hapo mchezo mzima.

Nilipata kuitazama filamu ya Harlin hapa Msambweni, katika nyumba ya jamaa zangu, vijana wamejaa mkekani na wazee wamepewa viti. Vijana walicheka palepale walipocheka Wamarekani, yaani kwa fisi. Mmoja akasema fisi bila mchawi mgongoni ni mbwa tu, na kicheko kikazidi. Lakini shangazi yangu mmoja, mzee asiyejua Kiingereza, ambaye nilikuwa nikimfasiria kwa sauti ya chini, hakucheka. Kuna mahali katika kisa ambapo mtoto mdogo, Joseph, anashuhudia ndugu yake akiraruliwa na fisi hao, naye hawamgusi. Tangu hapo anaonekana ndiye mwenye pepo. Wanaume wa kijiji wanaingia hospitalini alimolazwa, wakitaka kumtoa uovu huo kwa nguvu. Shangazi akanishika mkono.

"Mwanangu, huyo mtoto nani aliyemtaja?"

Nikamweleza kwamba watu wameona ishara.

"Ishara haina mdomo," akasema. "Iko kwa mtu aliyesema ni yeye. Mwonyeshe huyo."

Filamu haimwonyeshi. Nimeirudia kwa ajili ya swali hilo tu, na sijamwona. Yaliyomo ni fununu, hofu, kisha mapanga. Mwishoni tunajulishwa kwamba mtoto hakuwa na lolote: aliyepagawa ni Sarah, daktari aliyekuwa akimtibu. Wahakiki walilichukua jambo hili kama hila ya kushtua watu dakika za mwisho, wakalipuuza. Kwangu ndilo jambo la pekee la kweli katika filamu ile mbovu, na ndilo ambalo filamu nzuri ya Schrader haina, kwani humo kijana anayetengwa na kijiji, Cheche, kweli ndiye mwenye pepo. Msanii bora zaidi alikithibitisha kidole kilichonyooshwa. Msanii hafifu, labda bila kukusudia, alionyesha kwamba kilinyooshwa pasipo haki.

Ajabu ni kwamba kisa chenyewe kilikuwa kimeuweka ufunguo mlangoni. Merrin alipoteza imani Uholanzi wakati wa vita, pale afisa wa Kijerumani, askari wake mmoja alipouawa, alipomlazimisha achague miongoni mwa waumini wake watu wa kupigwa risasi. Kosa alilobebeshwa padre ni kutaja. Mtu wa namna hiyo anapofika Turkana na kukuta kijiji kizima kimemtaja mtoto, alipaswa kuwa wa kwanza kuuliza swali la shangazi yangu. Badala yake anapewa tochi na kuteremshwa pangoni.

Huku kwetu swali hilo si la sinema. Kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakiuawa Kilifi na Kwale kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa mvi zao na macho mekundu ya moshi wa kuni, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombaniwa. Hakuna anayewaita wauaji hao watazamaji wa filamu, na mimi sisemi kwamba filamu huwafunza. Nasema kwamba panga linaponyanyuliwa kuna sentensi iliyotangulia, sentensi fupi yenye kiima kimoja na kiarifu kimoja: fulani ni mchawi. Kiisimu, ni kauli inayotenda wakati inatamkwa. Kabla haijasemwa mzee ni babu wa watu, na ikishasemwa ni windo. Watunga sheria wa kikoloni waliling'amua hilo kwa kiasi fulani. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925 na hivyo kuwa imetimiza miaka ishirini na minne wakati wa kisa cha Turkana, haikuishia kwa anayejidai kuwa mchawi. Inamtia hatiani pia anayemtuhumu mwenziwe uchawi, isipokuwa amepeleka habari hiyo kwa polisi au wakuu wa serikali. Katika filamu yenye meja wa Kiingereza na kikosi kizima cha askari, hakuna anayeikumbuka sheria hiyo.

Ilipokwisha, vijana walitaka iwekwe nyingine. Shangazi alitaka kujua yule mtoto alipelekwa wapi, na kama ukoo wake ulimpokea tena. Nilimwambia kwamba padre amerudi Rumi na kwamba la mtoto halikuelezwa. Akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole wazee anaowajua waliotajwa wakahama, huyu yuko mjini kwa bintiye, huyu hajulikani aliko, wawili walikimbilia upande wa Kilifi, ambako Kaya Godoma imewahi kuwahifadhi wengi wa namna yao. Alipofika kidole cha saba nikainuka kuzima televisheni.