Vitobo vya Unyayoni

Unyayo ukianza kubanduka na kunuka, jibu huwa tayari mdomoni mwa kila mtu: fangasi. Mgonjwa ananunua tyubu duka la dawa, anapaka wiki nzima, hali iko palepale. Tyubu ya pili huwa ya steroidi, kwa kudhani ni ukurutu. Kumbe mkosaji anaweza kuwa bakteria.

Loweka mguu wa namna hii majini kwa dakika chache na vitobo vitajitokeza, vingi vya milimita 1 hadi 3, vimesongamana kisiginoni na chini ya vidole, pale panapobeba uzito wa mwili. Daktari Mwitaliano Aldo Castellani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1910 akiwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Mshukiwa mkuu ni Kytococcus sedentarius. Hutoa vimeng'enya viwili vinavyomeng'enya keratini, ile protini inayoupa unyayo ugumu wake. Hapenyi ndani, tabaka la juu lililokwisha kufa linamtosha, ndiyo maana wengi hawasikii maumivu yoyote. Uvundo nao hutoka kwenye kemikali zenye salfa. Anachotaka ni joto na majimaji. Wanajeshi wa Marekani walioshinda na buti zilizolowa huko Vietnam waliugua sana, na yeyote anayeshinda ndani ya gambuti yumo hatarini.

Mshukiwa mwingine amebeba jina la Kongo: Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa na Van Saceghem mwaka 1915 kutokana na ng'ombe wa huko. Wafugaji wanaijua kazi yake, yale magamba mazito mgongoni mwa ng'ombe msimu wa mvua. Binadamu humpata zaidi mikononi, kwa kushika mnyama mgonjwa. Mwaka 1961 iliripotiwa kutoka New York kwamba watu wanne waliambukizwa na kulungu mmoja.

Ukurutu wenyewe ni kesi ngumu zaidi. Bakteria Staphylococcus aureus hujaa kwenye ngozi yenye ukurutu, na kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mdandiaji tu wa ngozi iliyokwisha kuharibika. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya chake kiitwacho V8 huziamsha neva moja kwa moja, na mnyama akaanza kujikuna.

Vitobo vya unyayoni hutibika kwa kupaka klindamaisini au erithromaisini, na kuiacha miguu ikauke. Kabla ya hapo, mganga anaweza kukwangua ngozi kidogo, kuidondoshea potasiamu haidroksaidi na kutafuta nyuzi za fangasi kwenye hadubini.