Homa ya nguruwe: Sindano ya mtaani haiokoi banda

HOMA ya nguruwe ikizuka hakosi mtu anayepita mabandani na chupa na sindano, akiuza kile anachokiita chanjo. Mfugaji mwenye majike matano na ada za shule zinazomsubiri hulipa. Wiki mbili baadaye banda ni tupu.

Ugonjwa huu, ambao daktari wa mifugo Montgomery aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 nchini Kenya, una tabia ya pekee. Virusi vyake haviwakwepi askari wa mwili. Huingia ndani ya askari hao hao, yaani chembe nyeupe zinazomeza vijidudu, na kuzaliana humo. Chembe hizo humwaga kemikali za kuamsha kinga kupita kiasi, zikaua hata chembe nyingine za kinga ambazo hazijaambukizwa. Mishipa midogo huvuja damu, masikio na tumbo vikawa vyekundu au zambarau. Sehemu kubwa ya kinachomuua nguruwe, basi, ni vurugu za ulinzi wake mwenyewe.

Kingamwili huanza kuonekana baada ya siku saba hadi kumi, wakati wengi wanakufa, na hata hivyo hazina nguvu ya kuvizuia virusi barabara. Ndiyo maana chanjo za virusi vilivyouawa zilishindwa.

Mwaka 2023 Vietnam iliruhusu kuuzwa kwa chanjo mbili za virusi hai vilivyodhoofishwa kwa kunyofolewa jeni. Mwaka uliotangulia, moja kati ya hizo ilisimamishwa kwa muda baada ya nguruwe kufa. Tena zilitokana na aina ya pili ya virusi, ilhali Afrika Mashariki zipo pia aina ya tisa na ya kumi.

Kwa hiyo chupa ya mpita njia huenda ni antibiotiki tu, ambayo haigusi virusi. Ubaya zaidi ni sindano yenyewe: ikitoka banda hadi banda, hubeba damu ya mgonjwa hadi kwa mzima.

Wachache wanaopona nao ni mtego. Jike aliyenusurika huonekana ana damu ngumu, akatunzwa kwa mbegu, kumbe anaweza kuendelea kubeba virusi kwa wiki nyingi. Mfanyabiashara wa kitimoto anayekimbilia nguruwe wa bei ya kutupa wakati wa mlipuko naye husambaza. Nyama hiyo haimwambukizi binadamu, lakini mabaki yake yakirudi bandani kama makombo, homa inarudi nayo. Makombo yachemshwe nusu saa, au yasitumike kabisa.

Aliyepoteza banda zima asinunue wengine haraka. Asafishe, apulize dawa, aliache tupu siku 40. Kisha aanze na nguruwe wawili au watatu wa majaribio, na baada ya wiki sita, wakiwa wazima, ndipo atoe fedha za kundi.