Shule Ndogo na Darasa la Nje: Faida Zake kwa Watoto wa Kasanga

1. Utangulizi

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na kuzitunza. Tangu hapo Kanisa letu limehesabu elimu ya watoto kuwa sehemu ya wito wake. Makala haya yanakusudia kueleza faida za shule ya namna moja, yaani shule ndogo isiyo ya serikali, inayofundisha sehemu kubwa ya masomo yake nje ya jengo. Tunachukua Kasanga kuwa mfano, bandari iliyoko kusini mwa Ziwa Tanganyika, ambayo wakati wa Wajerumani iliitwa Bismarckburg. Pamoja na faida hizo tutaeleza sharti ambalo lisipotimizwa, darasa la nje humdhuru mtoto.

2. Chimbuko la fikra hii

Fikra hii imo katika urithi wetu wenyewe. Yohane Amos Comenius, askofu wa Ndugu wa Bohemia, alifundisha kwamba mtoto akione kitu kwanza, ndipo apewe neno lake; kwa sababu hiyo mwaka 1658 alitoa kitabu cha shule chenye picha. Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji Mlutheri, alianzisha shule ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, akaiita baadaye bustani ya watoto, na kila mtoto alipewa kitalu chake cha kutunza. Huko Denmark, mchungaji N. F. S. Grundtvig alipinga shule za kukariri. Kwa kufuata mawazo yake, mwalimu Kristen Kold alifungua mwaka 1852, katika kijiji cha Dalby, shule huru ya watoto iliyosimamiwa na wazazi wenyewe.

Mawazo hayo yalifika kwetu pia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya kijiji chake. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyofuata mfano wa vyuo vya Skandinavia vilivyotokana na Grundtvig. Mkoani Rukwa, chuo cha Chala ni kimojawapo.

3. Mambo yanayofundishika Kasanga

Jambo la kwanza ni ziwa. Mtoto wa Kasanga huwaona dagaa wakianikwa tangu anapoanza kutembea, ila ni mara chache anapoulizwa swali juu yao. Mwalimu na awape wanafunzi rula na daftari, wapime dagaa hamsini kila juma kwa mwaka mzima, watafute wastani na kuchora grafu. Hapo wamejifunza hesabu na sayansi kwa pamoja. Wamejifunza uraia pia. Maana mwaka 2024 nchi nne zinazopakana na ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa nyumba inayokula kwa kuvua, miezi mitatu hiyo ni mizito. Mtoto aliyepima mwenyewe anaweza kuwaeleza wazazi wake sababu ya amri ile, au kuuliza kwa hoja kama imeleta matunda.

Jambo la pili ni ardhi. Ukitoka ziwani, penye mwinuko wa meta 770 hivi, unapanda hadi nyanda za Ufipa zilizo juu ya meta 1,500. Katika safari moja hiyo mtoto huona hewa, miti na mazao yakibadilika, na jiografia inapata maana. Huko juu wakulima wa Kifipa wana ustadi wa ntumba: nyasi hufunikwa kwa udongo katika matuta ya duara mvua zingalipo, zikaoza na kuwa mbolea, na msimu ufuatao matuta hutawanywa ili kupanda nafaka. Bibi mkulima asiyejua kusoma anaweza kuwa mwalimu wa somo hilo, na watoto wakajua kwamba maarifa hayakuja yote kwa meli.

Jambo la tatu ni kazi ya mababu. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu na kujivutia hewa bila mivukuto; kisha walikisafisha katika tanuru dogo lenye mivukuto. Mabaki ya malungu yangalipo sehemu kadhaa za Ufipa. Vilevile, karibu na maporomoko ya Kalambo yanayoanguka zaidi ya meta 200 mpakani na Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kufungamanishwa, yenye umri wa miaka 476,000 hivi.

Hata Maandiko husomeka vizuri zaidi huko. Mfano wa juya katika Mathayo 13 humgusa upesi mtoto ajuaye kokoro, linalozoa samaki wa kila namna, wakubwa kwa wachanga, na ambalo kwa sababu hiyo sheria inalikataza.

4. Kwa nini shule iwe ndogo

Kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mara nyingi darasa huzidi hapo. Mwalimu wa watoto wengi namna hiyo hathubutu kuwapeleka ziwani penye mamba na kichocho, wala kwenye genge la Kalambo. Mwenye watoto ishirini anaweza, kwa sababu anamjua kila mmoja kwa jina, anajua nani ni mwoga wa maji na nani hakula asubuhi. Wazazi nao humjua mwalimu, nao huweza kumwuliza.

5. Sharti: kazi iambatane na swali

Elimu ya Kujitegemea ilikusudia mema, lakini katika shule nyingi ilipungukiwa. Shamba la shule likawa mahali pa adhabu, watoto wakalima bila kuelezwa neno, na mavuno hawakuyaona. Shule ya Kanisa yaweza kuanguka vivyo hivyo, hasa fedha zinapopungua. Kwa hiyo mwalimu ajipime kwa mambo matatu. Je, kabla ya kutoka watoto wana swali wanalotafuta jibu lake? Wakirudi, wanaandika walichoona? Na ikiwa kuna mazao, hesabu yake husomwa mbele yao? Pasipo hayo, watoto wanatumikishwa, hata kama kazi imeanza kwa sala.

6. Ni mtoto wa nani atakayeingia?

Hapa pana hatari kubwa zaidi. Shule isiyo ya serikali huishi kwa ada, na shule za msingi za Serikali hazitozi ada. Shule yetu ikiwapokea tu watoto wa wafanyabiashara na watumishi, mtoto wa mvuvi atabaki nje, ilhali ziwa na shamba tunalofundishia ni la baba yake. Usharika usioweza kulipia nafasi za maskini usiharakishe kujenga. Uanze na watoto wa shule za Serikali siku za Jumamosi, chini ya mti, ukiwatumia wavuvi, wakulima na walimu wastaafu walio washarika. Ikionekana kwamba kazi hiyo inadumu, ndipo uombe usajili wa shule kwa taratibu za nchi.

7. Hitimisho

Katika kuieleza Kanuni ya Imani, Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 huanza na Mungu aliyetuumba pamoja na viumbe vyote. Watoto wetu huikariri sehemu hiyo ndani ya kuta nne. Mwanafunzi wa theolojia atakayepangiwa usharika wa pwani ya Tanganyika na ajiandae kuifundisha pia ufukoni, akiwa na daftari na rula, pamoja na mvuvi mmoja aliyekubali kuulizwa maswali.