Picha ya Kifua Inapomchanganya Daktari

"Vuta pumzi. Ishikilie. Usitikisike." Aliyewahi kupigwa picha ya kifua anaikumbuka sauti hiyo ya mteknolojia wa mionzi. Mtu mwenye afya hutii bila taabu. Lakini mgonjwa aliyefikishwa idara ya dharura saa nane usiku, homa imepanda na anatweta, hawezi kusimama akaukumbatia ubao wa mashine, sembuse kuzuia pumzi. Hupigwa picha akiwa ameketi au amelala, mionzi ikiingilia kifuani na kutokea mgongoni, kinyume cha inavyotakiwa. Moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo, mafupa ya mabega hufunika sehemu ya mapafu, na pumzi isiyojaa hutia ukungu pasipo na ugonjwa. Anayeihitaji zaidi picha nzuri ndiye asiyeweza kuipata.

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, hujaza usaha na majimaji kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu. Hewa hupitisha mionzi kwa urahisi, ndiyo maana pafu zima huonekana jeusi kwenye eksirei. Palipojaa majimaji huonekana weupe, kama wingu. Shida ni kwamba wingu hilo halina jina. Maji yanayotokana na moyo uliochoka ni meupe. Kifua kikuu ni cheupe, saratani ni nyeupe, hata kovu la zamani ni jeupe. Tena wingu la nimonia changa linaweza kuwa bado halijatanda, au limejificha nyuma ya moyo.

Ukubwa wa tatizo hili ulionekana wazi jijini Paris. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu wazima 319 waliodhaniwa kuwa na nimonia katika idara za dharura za hospitali nne walipigwa eksirei kwanza, kisha siti skani ndani ya saa nne. Eksirei ilionyesha doa kwa wagonjwa 188. Siti skani ikaiondoa nimonia kwa 56 kati yao. Upande wa pili, wagonjwa 40 ambao eksirei zao hazikuwa na doa walikutwa nalo kwenye siti skani. Picha ileile ya kawaida, basi, ilikuwa imewasingizia wengine ugonjwa na kuwapa wengine hati safi.

Madaktari walibadili uamuzi wao kuhusu uwezekano wa nimonia kwa wagonjwa 187, zaidi ya nusu. Watu 51 walianzishiwa antibayotiki ambazo wangezikosa, na 29 wakasitishiwa.

Kwa nini basi kila anayekohoa asiingizwe kwenye siti skani? Gharama ni sababu moja, foleni ni nyingine. Mionzi nayo si haba: siti skani ya kawaida ya kifua hutoa takribani mara 70 ya ile ya eksirei moja, ingawa siku hizi zipo namna za kuipunguza sana. Anayefaidika zaidi ni mgonjwa mwenye maelezo yanayokinzana na picha, hasa mzee, ambaye nimonia inaweza kumjia bila homa wala kikohozi kikubwa, ila amechanganyikiwa ghafla na kukataa chakula. Kijana mwenye homa, kikohozi na doa lililo wazi kwenye eksirei hana haja nayo.

Kuna chombo cha tatu, na hiki ndicho chenye kisa cha kuvutia. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba altrasaundi haifai kwa mapafu kwa sababu hewa hurudisha mawimbi ya sauti. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein aliligeuza tatizo hilo kuwa jibu: ikiwa hewa huzuia picha, basi pafu linaloonekana vizuri ni pafu lililopoteza hewa yake. Lenye nimonia huonekana kama ini. Mwaka 2008 alichapisha utaratibu wa kulikagua pafu la mgonjwa anayeshindwa kupumua, papo hapo kitandani, bila mionzi. Kasoro ipo: doa lililo katikati ya pafu, lisilogusa ukuta wa kifua, halionekani, na mkono usiozoea hukosea.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza jijini Dar es Salaam. Kwa daktari wa namna hiyo altrasaundi ni kifaa cha kazi, kama sitetoskopu.

Katika zahanati isiyo na hata eksirei, nimonia ya mtoto bado inatambuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haudai picha. Mhudumu humwomba mama ainue nguo ya mtoto, kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima akitazama saa. Kwa mtoto mwenye kikohozi, pumzi 50 au zaidi kwa umri wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Anaangalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kila mtoto anapovuta hewa. Akilia, hesabu inaachwa hadi atulie, ndipo inaanza upya.