Jitengenezee ukurasa wa biashara kwa HTML, ujue pia linki feki zinavyoundwa

Una duka, kibanda au kazi ya mkono? Unaweza kujitengenezea ukurasa wa intaneti bila kumlipa mtu. Lugha inayotumika inaitwa HTML, na mwanzo wake sio mgumu. Ukishaielewa, utaona pia jinsi matapeli wanavyokuficha mahali linki zao zinaelekea.

Hatua za kuanza

1. Fungua Notepad kwenye kompyuta, hata ile ya saiba.
2. Andika mistari hii, ukiweka jina na nambari zako:

<h1>Mboga Safi</h1>
<p>Sukuma wiki na nyanya kila asubuhi. Till: 000000</p>
<a href="tel:0700000000">Tupigie</a>

3. Hifadhi faili kwa jina duka.html, kisha ibonyeze mara mbili. Itafunguka kwenye brauza, kwa mfano Chrome.

Yaliyo kati ya < na > ni maagizo kwa brauza, mteja hayaoni. h1 ni kichwa kikubwa, p ni aya, a ni linki. Kila agizo hapa linafungwa na lingine lenye mkwaju, kama </p>. Ukisahau </h1>, hata bei zako zitatokea kwa herufi kubwa kubwa. Mteja akibonyeza "Tupigie" kwenye simu, nambari yako inatokea tayari kupigwa.

Kwa sasa ukurasa uko kwenye kompyuta hiyo tu. Ili wateja wauone, uweke kwenye seva. Kuna kampuni zinazotoa nafasi ya bure kwa kurasa ndogo.

Sasa itazame ile linki

Ina sehemu mbili: maneno unayoyaona, na anwani iliyo ndani ya href. Mwandishi ndiye anayechagua zote mbili, na hakuna kinachomlazimisha zilingane. Kwa hivyo tapeli anaweza kuandika:

<a href="https://tapeli.example">Pokea pesa zako hapa</a>

Wewe unasoma habari ya pesa, lakini ukibonyeza unapelekwa kwake. Hata logo na rangi zetu anaweza kuzinakili. Kwa hivyo:

- Kabla ya kubonyeza, shikilia linki kidogo. Kwenye simu nyingi anwani kamili itaonekana. Isome.
- Usitegemee alama ya kufuli kando ya anwani. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa wengine wasiyasome. Haisemi mwenye ukurasa ni nani.
- Hatutawahi kukuomba PIN kupitia linki. Nawe usiweke nafasi ya kujaza PIN kwenye ukurasa wako. Mteja alipe kwa simu yake mwenyewe.

Umeshaweka PIN kwenye ukurasa usioujua? Ibadilishe sasa hivi, kisha upigie huduma kwa wateja. Usingoje hadi pesa zitoke.